Mzee Kasema

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zikufikie huko uliko. Natumaini mwili uko salama na mabosi wako wa ghalani wanakupa nafasi ya kupumua. Sisi huku tupo. Mimi nina mgongo, Baba ana yake, na nyumba nayo ina yake. Nakuandikia kwa sababu simu haifai. Nikiipokea tu, Baba ananyoosha mkono anaitaka, akishapewa anasahau kwamba ameishika, tunabaki tunasikilizana pumzi. Kwa hiyo kaa chini usome, na usipige mluzi kama kawaida yako ukiona kazi ni nyingi.

Jambo lenyewe ni choo. Unajua kilipo, kule mwisho wa ua, ngazi tatu kwenda chini, na ngazi zenyewe zimelika. Baba siku hizi anaamka kila mara usiku. Akiamka lazima na mimi niamke, nimshike mkono, tushuke, nimngoje nje, tupande. Nikirudi kitandani usingizi umeshaenda zake. Asubuhi nakaa kwenye cherehani nashona sare za shule huku macho yanajifumba yenyewe. Juzi nimemshonea mtoto wa watu shati lenye mifuko miwili, yote upande mmoja. Mteja alicheka. Mimi sikuweza.

Na si choo tu. Kuna nyakati nakuta kitanda chake kitupu. Anakuwa ametoka kwa mlango wa mbele, kazunguka nyumba nzima kwa kupapasa ukuta, kasimama pale palipokuwa jiko la Mama, juu ya ile sakafu iliyobaki. Nikimuuliza, anasema anamngoja. Miaka yote tangu tumzike, yeye anamngoja. Namrudisha ndani. Hagombi, anakuja tu.

Nataka choo na bafu ndani ya nyumba kabla mvua kubwa hazijaanza. Ngazi zile zikilowa tutamwokota pale chini. Nimechoka, mdogo wangu. Sisemi hivyo ili unionee huruma. Nasema ujue kwamba nikianguka mimi, hakuna wa kumshika yeye.

Dada yako


Tarehe 12 Machi

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na sikupiga mluzi hata kidogo. Mimi mzima, isipokuwa miguu. Zamu ni za kusimama, maboksi ya dawa hayaishi kuingia, na kila boksi lazima nilikague mwenyewe. Pole na mgongo. Pole na yote.

Nimekaa nikachora, ramani ni hiyo niliyoikunja humu ndani. Ile stoo kando ya sebule tuigawe, nusu ibaki stoo, nusu iwe choo na bafu. Mlango ufungukie nje, maana mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani huwezi kumfikia. Vigae vya sakafu viwe vya kukwaruza, si vile vya kung'aa vya hotelini. Ukutani wafunge vyuma vya kushikilia. Wasibadilishe kitu bila kuniuliza.

Fundi nimeshampata, ni Pimamaji. Bila shaka unamkumbuka yule mwanafunzi wa Baba wa uashi aliyekuwa anaweka pima maji juu ya kila kitu, hadi meza ya chai, Baba akampa jina hilo. Sasa ni fundi mwashi anayetafutwa na watu. Amekubali siku ile ile, akasema nyumba ya mwalimu wake hawezi kuikataa. Moyo ulitulia. Mtu aliyefundishwa na Baba hawezi kutuharibia.

Nina ombi moja. Usimwambie habari za kichwa cha Baba. Unakumbuka walivyokuwa wanamwogopa kazini, akikohoa tu kila mtu anashika mwiko. Sitaki wanafunzi wake wamtazame kwa huruma. Sema miguu imechoka, basi.

Najua unataka kuuliza kwa nini siji. Likizo ni ngumu. Lakini la kweli ni kwamba mara ya mwisho kwenye simu Baba aliniita bwana mkubwa, akaniuliza nina kazi gani ya kumpa. Sina moyo wa kusimama mlangoni kwa baba yangu nikajitambulisha kama mgeni.

Mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

U hali gani? Sisi wazima wa kuvumilia. Naandika huku napangusa vumbi kwenye karatasi, utaliona. Kazi imeanza. Stoo yote imehamia sebuleni, natembea kwa ubavu kama niko gulioni, na mashati meupe ya wanafunzi yamekuwa ya kijivu kabla hawajayavaa.

Pimamaji alikuja na watu wake asubuhi. Ana mvi sasa, lakini alimwamkia Baba kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, utadhani bado anajifunza kukoroga saruji. Nikamwonyesha ramani yako, akaisoma vizuri, tukaelewana. Siku ya kwanza ukuta wa kugawa stoo ulianza kupanda. Nikalala nikiwa na matumaini.

Kesho yake nilipeleka sare kwa mteja. Kurudi, ukuta umeshuka. Walikuwa wanabandua tofali walizozipanga wenyewe. Nikamuuliza Pimamaji kulikoni, akavua kofia akasema, "Dada, Mzee kasema." Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa ile kofia yake ya kazi sijui kaitoa wapi, anatoa amri. Siku iliyofuata mchanga wote ulihamishwa kutoka mbele kwenda nyuma ya nyumba. Mzee kasema. Halafu wakachimba mtaro ambao haumo kwenye ramani. Mzee kasema.

Nilimwuliza, "Fundi, bosi hapa ni nani?"

"Ni wewe, Dada."

"Sasa?"

"Sasa Mzee kasema."

Ningekuwa na nguvu ningecheka. Na nikuambie ukweli, sina moyo wa kumzuia Baba. Amenyoa ndevu mwenyewe, anakula bila kubembelezwa. Ila haishi kuuliza kibarua wake yuko wapi. Wanamwonyesha kibarua, huyo hapo ameshika koleo, yeye anatikisa kichwa. "Siyo huyu. Wangu." Wanamwitikia tu. Mimi natamani kumvuta Pimamaji pembeni nimweleze, lakini uliniomba nisiseme, na mimi nilikubali.

Mvua zimeanza kunukia.

Dada yako


Tarehe 10 Aprili

Dada mpendwa,

Natumaini hamjambo. Mimi niko zamu mbili kwa siku wiki hii, nakuandikia nimesimama.

Nimemwandikia Pimamaji afuate ramani na si vinginevyo. Amejibu kwa maneno mawili, "Sawa bosi." Naona limekwisha. Ukuta ukianza kupanda tena, hakikisha mlango wa bafu ni mpana, mtu na anayemshika wapite pamoja. Picha za vigae nimeziweka humu, chagua kati ya hivyo vya kijivu na vile vya udongo. Mimi ningechukua vya kijivu.

Vumilia kidogo tu. Na lile jambo la Baba libaki kwetu.

Mdogo wako


Tarehe 21 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Afya yangu usiiulize.

Picha za vigae nimezipata. Ni nzuri. Pa kuviweka ndipo hapapo. Ukuta wa stoo bado uko kwenye magoti, na badala yake nyumba hii ina mlango mpya. Uko chumbani kwa Baba, kwenye ukuta wa nyuma. Nilikuwa hospitali kuchukua dawa zake, foleni ikanichelewesha, na waliutoboa nikiwa huko. Wamepitisha lenta ya kubeba ukuta juu yake, wamenyoosha pembe, kazi safi kabisa. Mlango haujawekwa, ni uwazi tu, na chini yake hakuna ngazi. Ukitoka unakanyaga hewa, kisha ardhi.

Nilimkuta Pimamaji anapiga pima maji kwenye kizingiti. Nikamwuliza mlango huu wa nini. Akasema Mzee kamwambia autoboe, kwa sababu mama watoto anazunguka mbali sana na masufuria ya moto.

Nilikaa kitandani kwa Baba nikalia mbele ya mafundi, wakatoka nje mmoja mmoja. Baba akanipigapiga bega. Akaniambia, "Usilie, mwanangu, saruji ikikauka tutamwita aone."

Tumeziba kwa turubai na meza. Upepo unapita. Nimemwambia Pimamaji asimamishe kazi kwanza hadi nijue la kufanya, na sijui la kufanya. Mvua imenyesha siku nzima jana.

Dada yako


Tarehe 24 Aprili

Mdogo wangu,

Baba ameanguka. Ilikuwa mchana baada ya kula, mimi nipo kwenye cherehani. Aliisogeza meza, akapita turubai, akatoka kwa ule mlango akiwa na sahani yake mkononi. Alikuwa anamrudishia Mama vyombo.

Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika, ule mkono wa mwiko. Kichwa hakikuumia. Daktari anasema tumepata bahati, na mimi nakubali kwa kuwa sina nguvu ya kubishana na mtu. Nimemlaza chumbani kwako. Vitu vyako viko kwenye boksi.

Dada


Tarehe 1 Mei

Dada,

Barua yako nimeisoma ghalani, nikaenda kukaa nyuma ya maboksi hadi wakanitafuta. Mpe Baba shikamoo yangu, hata kama hatajua inatoka kwa nani. Nawe pole, pole sana.

Mfukuze Pimamaji. Leo hii, asichukue hata ndoo. Fundi gani anaacha tundu kwenye ukuta wa chumba cha mzee? Nilimwandikia, akasema sawa, kisha akafanya upuuzi wake. Nitatafuta fundi mwingine asiyemjua Baba, aje azibe huo mlango na aanze upya kwa ramani yangu. Usimwonee aibu. Mwambie ni mimi niliyeamua.

Mdogo wako


Tarehe 13 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini umepoa, na miguu haijambo. Baba anaendelea. Anaipapasa plasta ya mkononi mwake na kuuliza nani kaipiga, haijanyooka. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza nifanye jambo ambalo najua hutalipenda.

Pimamaji sikumfukuza. Nilimwita, nikampa chai, nikamwambia kila kitu. Kwamba Mama hayuko, ambalo alilijua kwa sababu alikuja mazikoni. Na kwamba Baba hajui kuwa hayuko, ambalo hakulijua. Nikamwambia tulimficha makusudi, na kwamba mwenye kosa si yeye.

Hakugusa chai. Muda mrefu alikuwa anazungusha kofia mkononi. Kisha akasema, "Dada, mimi siku zote hizi nilidhani Mzee ananipima. Zamani alikuwa anatupa amri ya makosa kusudi, aone nani atathubutu kumbishia. Wenzangu walibisha. Mimi sikuwahi. Alipoanza haya ya kubandua na kuhamisha nikajua ni mtihani, nikasema safari hii nitabisha, kesho nitabisha. Kila siku nikasema kesho." Akalia, mtu mzima yule. Ikabidi nimbembeleze na yeye. Siku hizi nimekuwa wa kubembeleza kila anayeingia mlangoni.

Basi tulipomaliza kulia tukaenda kuutazama ule mlango. Na hapo ndipo nakuomba usome polepole.

Ramani yako ni nzuri. Mlango wa kufungukia nje, vyuma vya ukutani, vigae vya kukwaruza, vyote nimekubali. Lakini Baba haendi stoo. Hata mchana hajui stoo iko wapi, nimeshamkuta anaitafuta kabatini. Akiamka miguu yake inajua njia moja tu, ya kwenda jikoni kwa Mama. Tukimjengea choo kizuri stoo, yeye atapita atoke nje kama kawaida, na mimi nitaamka kama kawaida.

Kwa hiyo mlango hatuuzibi. Pale anapotokea ndipo tunapojenga. Sakafu ya jiko la Mama bado ni nzima, Pimamaji ameipima. Shimo la choo liko karibu nayo kuliko lilivyo karibu na stoo yako, bomba litakuwa fupi. Tunainua sakafu hadi iwe sawa na ya chumbani, pasiwe na kizingiti wala ngazi, kisha kuta na bati. Akishuka kitandani kumtafuta Mama, atafika chooni. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyofikiri, na Pimamaji akasema, "Inawezekana, Dada."

Tumewekeana utaratibu. Asubuhi kabla Baba hajanywa chai, mimi na Pimamaji tunazunguka pamoja, namwambia kazi ya leo, ananiambia kama kuna shaka. Nikiwa sielewi, anachora chini kwa kijiti. Jambo likibadilika, mwiko unawekwa chini hadi tuongee. Baba akitoa amri anaitikiwa kwa heshima zote, kisha tunaendelea na yetu. Na wewe ukiwa na wazo niandikie mimi, si yeye. Mafundi hawawezi kuwa na mabosi watatu, mmoja ghalani, mmoja cherehani na mmoja zamani.

Kama hutaki, sema. Lakini tumeshaanza kuchimba.

Dada yako


Tarehe 27 Mei

Dada yangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Nimekaa na barua yako siku nyingi, kila nikikaa kuijibu nairudia pale Baba anapoitafuta stoo kabatini.

Endelea. Ramani yangu ifungie maandazi. Nilitaka Baba asitirike, na badala yake tumemwacha fundi akitembea gizani. Mwombe Pimamaji radhi kwa niaba yangu. Ila vyuma vya kushikilia visisahauliwe, kimoja kando ya kiti cha choo, kimoja mlangoni.

Nimeomba likizo, wamesema nisubiri. Sikusukuma sana. Dada, usinicheke, wewe uko naye kila siku na anakuita mwanangu. Je, huwa ananiulizia? Hata jina tu? Kama haniulizii, niambie hivyo hivyo, nizoee.

Mdogo wako


Tarehe 30 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu za wote humu ndani, na leo nakusalimu kwa nguvu kidogo, maana nimelala.

Ulingoja, najua. Mvua ilitusumbua, bati tulipiga chini ya turubai, na mara moja fundi bomba alituacha solemba wiki nzima kwa sababu ya harusi ya shemeji yake. Pimamaji hakunificha, alikuja akasema, "Dada, wiki hii hakuna maji, usimtarajie." Nikapanga mambo yangu. Hata kuchelewa kunavumilika mtu akiambiwa mapema.

Sasa kimekwisha. Vigae ni vya udongo, siyo vya kijivu, samahani. Kuna chuma kando ya kiti na chuma mlangoni. Mlango unafungukia nje na unafunguka kwa kidole kimoja. Tumemrudisha Baba chumbani kwake, na usiku wa kwanza nilimsikia akiamka. Nilijilazimisha kubaki kitandani. Nikasikia miguu, kisha kimya, kisha maji. Kisha miguu tena, kitanda kikalia. Nikangoja nisikie kingine, hakikuja. Nilichokumbuka baada ya hapo ni jua usoni. Sijui mara ya mwisho jua lilinikuta kitandani ni lini. Nilikaa nikajikagua kama niko mzima.

Asubuhi Baba akaniambia, "Mama yenu kahamisha jiko. Lakini pale amepaacha pasafi sana." Nikamjibu ndiyo, Baba. Hajatoka kusimama nje tangu siku hiyo. Labda atatoka tena, simjui kesho atakuwa nani. Lakini njia yake yote sasa ina ukuta na ina bati.

Sasa swali lako. Nimekaa nalo na mimi, kwa sababu sikutaka kukudanganya. Jina lako halitaji. Halitaji, mdogo wangu, na langu pia hulitaja mara moja moja tu.

Ila sikiliza. Juzi Pimamaji alikuwa anakusanya vyombo vyake. Umebaki ukuta mmoja wa nje haujapigwa plasta, wa upande wa mtaro, nao hauna haraka. Baba akaanza tena habari ya kibarua wake. Kwa mara ya kwanza Pimamaji akapata ujasiri wa kumwuliza, "Kibarua yupi, Mzee?"

Baba akamtazama kana kwamba ameulizwa jambo la kijinga. "Yule anayepiga mluzi," akasema. "Anazidisha maji kwenye saruji kila siku. Namgombeza, anapiga mluzi. Mvivu, lakini ndiye wangu, wengine siwataki. Mwambieni aje, kazi haijaisha."

Pimamaji akanigeukia. Alikumbuka kama nilivyokumbuka, likizo zote zile za shule Baba alipokuwa anakuburuta kazini na wewe unakoroga saruji huku unapiga mluzi. Amekuwa akikuulizia tangu Aprili, kila siku, na sisi tunamwonyesha mtu mwingine.

Leo kaniuliza tena. Nimemwambia nitaandika.

Dada yako


Tarehe 9 Julai

Dada,

Sina salamu ndefu. Nimeomba likizo wakakataa, nimeomba tena kwa namna nyingine wakakubali. Napanda basi Ijumaa.

Mwambie Pimamaji asiuguse ule ukuta. Aniachie mwiko na mchanga, na aje anielekeze, nimesahau kila kitu. Wewe ukishanifungulia mlango nenda kalale, hata siku tatu mfululizo, chumba changu hakina makelele. Usiku nitasikiliza miguu mimi.

Baba usimwambie kwamba mwanawe anakuja. Mwambie kibarua kapatikana, na safari hii atapima maji.

Kibarua